Mzigo Uko kwa Nani? Kumi Bora ya Mateso ya Meno Bandia ya Vipandikizi

Habari njema kwa vibogoyo: siku hizi meno bandia hayalazimiki kuelea kinywani na kukuaibisha katikati ya harusi. Daktari anapanda skrubu za titani kwenye mfupa wa taya, mfupa unazishika, kisha meno yanafungwa juu yake. Skrubu hizo ndizo vipandikizi. Habari mbaya ni kwamba nguvu ya kutafuna haijaambiwa kuhusu maendeleo haya. Inakuja vilevile kila mlo, na ikishaingia kinywani lazima imfikie mtu. Anaweza kuwa mfupa, anaweza kuwa skrubu, bamba la akriliki, au kipete cha nailoni kisichofika hata ukubwa wa punje ya mahindi. Kazi ya anayebuni meno ni kuchagua nani apigwe.

Kwa hiyo ukikutana na tangazo la kifaa "kinachoondoa mkazo", shika pochi yako. Mkazo hauondolewi. Unahamishwa makazi.

Kabla hatujahesabu, tutambue koo mbili. Kuna meno ya kuvua: mara nyingi ni ya taya la chini, yanajibana kwenye vipandikizi viwili vya mbele, na nyuma yanakalia ufizi. Kuna meno ya kufunga: yamekazwa kwa skrubu juu ya vipandikizi vinne, vitano au sita, na ni daktari tu anayeyatoa. Koo hizi zinaishi vizuri, ila kila moja ina mahali pake pa kuumia. Tunahesabu kinyumenyume, kuanzia jambo linalosumbua watu bure mpaka lile ambalo hakuna anayeliuliza.

10. Meno ya plastiki au ya kauri?

Hili ndilo swali la kwanza la kila mteja, na ndiyo maana liko mkiani. Mwaka 1983 Richard Skalak, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Columbia, alitoa hoja iliyokaa vichwani mwa madaktari kwa miaka mingi: kwa kuwa titani imeshikana na mfupa bila mto wowote katikati, jino laini la akriliki litapunguza kishindo. Hoja safi. Tatizo ni kwamba kutafuna ugali si kishindo. Mzigo unaposhuka taratibu, jino liwe laini au gumu, nguvu yote inafika chini, na hesabu za kompyuta zimekuwa zikionyesha kwamba tofauti ndani ya mfupa ni ndogo. Ulaini unasaidia pale nguvu inapokuja ghafla, yaani kijiwe kwenye wali. Basi kama unataka kuutunza mfupa wako kwa bei nafuu, chambua mchele.

Kauri ina gharama nyingine: inagonga. Ukila karanga msibani, benchi zima litajua idadi.

9. Urefu wa kipandikizi

Watu hujivunia urefu. "Mimi nimewekewa cha milimita 15!" Hongera, ila mkazo haukuhudhuria huko chini. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na za mkazo pia: karibu kila mfano wa kompyuta unaonyesha mrundikano mkubwa kwenye mfupa mgumu unaozunguka shingo ya kipandikizi, penye nyuzi za kwanza za skrubu. Ukishavuka milimita 10 hivi, kila milimita ya ziada inasaidia kushika siku ya kupanda, lakini ukingo wa juu hauoni unafuu wa maana.

Unene ndio mwenye mali. Chukua fimbo mbili za chuma kilekile, moja ya milimita 3.3 na nyingine ya 4.1. Mkazo wa kupinda hupungua kwa kadiri ya kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara tatu, kwa hiyo hizo milimita 0.8 zinaushusha karibu nusu. Kipandikizi cha kweli kina tundu ndani, hesabu yake haitoki nyoofu hivyo, ila mwelekeo ni uleule. Ndiyo sababu vile vyembamba sana, vya chini ya milimita 3, vinauzwa kwa tabasamu na kubebeshwa kwa tahadhari. Kampuni moja ya Uswisi, Straumann, iliamua kuchanganya titani na zirkoni kiasi cha asilimia 15 ili chembamba kiwe na nguvu ya kujitetea. Hilo ni jibu halali, kwa kuwa mfupa mwembamba haunenepi kwa kuombwa.

8 na 7 (wamefungana): Idadi, na shingo iliyobanwa

Idadi kwanza. Miaka ya nyuma ya ukoo wa kufunga, taya la chini lilipandwa vitano au sita mbele. Mwaka 2003 Paulo Maló wa Lisbon na wenzake wakachapisha kazi yao ya kufunga safu nzima juu ya vinne. Mwaka mmoja kabla, mjini Montreal, wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill walitamka kwamba kwa taya la chini lisilo na meno, meno ya kuvua juu ya vipandikizi viwili yawe ndiyo chaguo la kwanza. Viwili! Kuna watu waliopata nafuu na kuna wauzaji walioumwa kichwa.

Kuongeza vipandikizi hupunguza mkazo, sikatai, ila si kwa mkupuo anaoufikiria mwenye pesa. Kama vile vya pembeni, vya mbele kabisa na vya nyuma kabisa, viko palepale, wawili wa ziada katikati mara nyingi ni watazamaji waliokatiwa tiketi ya bei kubwa. Mahali vinapokaa kunazidi wingi wake, na hilo litarudi namba 1.

Shingo iliyobanwa ni ujanja wa kuweka juu ya kipandikizi kiungo chembamba kuliko kipandikizi chenyewe. Uligunduliwa kwa bahati: miaka ya 1990 vipandikizi vinene vilitangulia sokoni kabla ya viungo vya saizi yake, madaktari wakatumia vidogo vilivyokuwepo, baadaye wakaona mfupa wa ukingoni umebaki juu kuliko walivyozoea. Mifano ya kompyuta inasema mkazo umesogezwa ndani, mbali na ukingo wa mfupa. Umesogezwa wapi? Kwenye kiungo na skrubu yake. Si nilisema.

6. Kifungo

Hapa ukoo wa kuvua unakaa sana. Kuna kifungo cha mpira mdogo wa chuma unaoingia kwenye pete. Kuna sumaku, ambazo hazivuti kwa nguvu sana na hukaa vibaya na mate zikifunguka kifuniko. Kuna pau ya chuma inayounganisha vipandikizi, na jina linalotajwa zaidi hapo ni la Eugen Dolder wa Zürich: pau yake yenye umbo la yai inaruhusu meno yacheze kidogo, ile yenye ubavu wima haicheki na mtu. Halafu kuna kile kifupi chenye kikombe cha nailoni, maarufu kwa jina la Locator.

Tukikazie macho kikombe hicho, maana kimejaa visa. Kinakuja kwa rangi. Cha bluu kinashika kwa kiasi cha kilo 0.7, cha waridi kilo 1.4 hivi, na cheupe kinachopenya mwanga kama kilo 2.3. Daktari mwenye busara anaanza na dhaifu. Mteja anataka jingine.

"Daktari, mwanangu, niwekee ile inayong'ang'ania kabisa."

"Bibi, ile usiku utaivuaje?"

"Nitaivuta kwa meno."

"Bibi, meno ndiyo hayo."

Kifungo kinachong'ang'ania kinakuvutia kipandikizi kila asubuhi na kila usiku, tena mara nyingi kwa upande, kwa kuwa mtu huanza kunyanyua kwa kidole gumba kimoja. Zaidi ya hapo, kifungo kigumu kinawanyima meno nafasi ya kushuka kidogo nyuma kwenye ufizi, na wakinyimwa nafasi wanabembea juu ya kipandikizi. Nailoni laini inakubali kusogea, inakubali kuchakaa, na inabadilishwa kwa dakika chache. Wagonjwa hulalamika: "Kila baada ya muda inalegea." Ndiyo, ndugu, imeajiriwa ilegee. Ungependa kilegee nini, mfupa?

Je, pau ni bora kuliko vifungo viwili vilivyojitegemea? Tafiti za kompyuta zimegawanyika kiasi cha kuanzisha ligi. Pau inawafanya vipandikizi wasaidiane, hilo ni kweli, lakini inadai nafasi: milimita 12 au zaidi kuanzia juu ya kipandikizi hadi ncha ya jino, wakati kile kifupi cha nailoni kinaridhika na 8 au 9. Ukiilazimisha pau kwenye kinywa kisicho na nafasi, akriliki juu yake itakuwa nyembamba, na hapo mkazo unahamia namba 5.

Tangazo dogo: zile picha za rangi

Tusimame kidogo. Umewahi kuona picha ya taya lenye madoa mekundu, manjano na bluu? Hiyo ni hesabu ambayo kompyuta inakata taya kuwa vipande vidogo maelfu kwa maelfu, inampa kila kimoja ugumu wake, halafu inasukuma. Nyekundu ni penye mkazo mkubwa. Kipimo kinachochorwa mara nyingi kina jina la Richard von Mises, aliyekitafutia vyuma vinavyonyumbulika kabla ya kukatika. Mfupa si chuma wala haukatiki kwa tabia za chuma, kwa hiyo mtafiti makini anauchorea mfupa mikazo mikuu ya kuvuta na kugandamiza, na kumwachia von Mises titani yake.

Tena, mfupa wa kwenye kompyuta ni mwanafunzi mtiifu: ugumu wake ni mmoja kila mahali, umegandana na kipandikizi kwa asilimia 100, hauzeeki na hauvuti sigara. Picha hizo ni nzuri kwa kulinganisha huyu na yule. Hazikuambii taya lako litadumu mpaka lini, hata kama bango la kliniki limeichapa kubwa yenye rangi zote.

Na nyekundu si adui siku zote. Harold Frost, daktari wa mifupa wa Marekani, alieleza kwamba mfupa unaokosa kazi kabisa huyeyuka, unaopata kazi ya wastani hutulia, unaozidishiwa huanza kujijenga, na ukivuka mgeuko wa sehemu 3,000 kwa milioni unaharibika haraka kuliko unavyojikarabati. Kuvunjika kabisa ni huko kwenye 25,000. Mfupa unataka kazi. Hautaki ubabe.

Tangazo limekwisha.

5. Bamba na fremu: ugumu wa nani?

Huu hapa msimamo wa ligi ya ugumu, kwa gigapaskali. Kobalti-kromu na zirkonia zinazidi 200. Titani ni kama 110. Mfupa mgumu wa nje wa taya ni kama 14, ule wa ndani wenye vitundu ni 1 na kidogo. Akriliki ya meno bandia ni 2 au 3. Plastiki ya heshima iitwayo PEEK ni karibu 4. Ufizi uko ligi ya mchangani kabisa, mamia ya mara chini ya akriliki.

Fremu ngumu inapoguswa mahali pamoja, inaupeleka mzigo kwa vipandikizi vyote. Fremu laini inapinda, na kipandikizi kilicho chini ya tonge kinabeba karibu peke yake huku wengine wakisikiliza redio. Hivyo anayekuuzia fremu ya plastiki kwa kuwa "inafanana na mfupa" muulize maswali mawili. La kwanza: inafanana vipi, 4 kwa 14? La pili: nani atabeba inapopinda? Sisemi haifai. Ni nyepesi, haigongi, na inameza kishindo. Lakini ulaini wake unalipwa na mtu, na risiti ipo.

Kwa meno ya kuvua, mwathirika ni bamba lenyewe. Kabla ya vipandikizi, bamba la akriliki lilikuwa limekalia ufizi wote na kuzama nao. Sasa kuna vigingi viwili visivyozama, juu yake pamechimbwa matundu ya kuwekea vifungo, na palipochimbwa ndipo palipo pembamba. Ufa unaanzia hapo, au katikati kati ya vipandikizi viwili, na kawaida mtu hajali mpaka siku ya mishkaki. Dawa yake ni ya zamani na haina mbwembwe: wavu au fremu ya kobalti-kromu ndani ya akriliki, ipite juu ya vifungo vyote viwili. Inaongeza gharama kwa fundi na uzito kidogo. Mtu akikuambia akriliki yake mpya "haivunjiki" hivyo haihitaji chuma, mpe pole mapema.

4. Skrubu

Skrubu ya meno ya kufunga haishiki kwa sababu imeingia. Inashika kwa sababu imevutwa. Ukiikaza inarefuka kwa kiasi kidogo sana, kisha inataka kurudi, na kule kutaka kurudi ndiko kunakobana vipande viwili. Ikikazwa kidogo, vipande vinaachana kila ukitafuna na skrubu inapinda mbele na nyuma mpaka ichoke. Ikikazwa kupita kiasi, inakatikia ndani, na kuitoa humo ni kazi ya nusu siku na matusi ya kimoyomoyo.

Kwa hiyo kuna spana ya kipimo, na skrubu nyingi za kiungo cha titani hukazwa kwa nyutoni-sentimita 35. Siri iko baada ya hapo: nyuso za chuma zina vinundu visivyoonekana, vinundu vinasawazika, na sehemu ya mvuto inapotea dakika zilezile. Daktari anayejua anasubiri kama dakika 10 na kukaza tena kwa kipimo kilekile. Ukiona daktari wako amekaza mara moja, amekupa mkono na kuita "anayefuata", kaa tu kwenye kiti. Uliza hali ya watoto wake. Dakika 10 si nyingi.

Skrubu ikilegea mara ya pili mahali palepale, usimlaumu skrubu. Huyo ni mpeleka habari. Habari yenyewe iko namba 3, 2 au 1.

3. Kukaa bila kulazimishwa

Jino la asili limening'inizwa kwenye nyuzi ndogo ndani ya mfupa, na zinaliruhusu lisogee mikromita 25 hadi 100. Kipandikizi kinasogea 3 hadi 5. Unywele wa kichwa chako una unene wa kama 70. Elewa basi kitakachotokea fremu ya meno ya kufunga ikitoka kwa fundi ikiwa imekosea kwa unene wa unywele: ukikaza skrubu itaonekana imekaa, daktari atatabasamu, nawe utatabasamu. Lakini imekaa kwa kupindwa. Mkazo huo haungoji ule, uko kazini usiku na mchana, hata mwezi wa Ramadhani.

Meno ya asili yangejisogeza taratibu mpaka amani ipatikane. Kipandikizi hakijui kusogea, na hiyo hasa ndiyo sifa iliyokileta mjini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 huko Lund, Sweden, Per-Ingvar Brånemark aliweka vifaa vya titani kwenye miguu ya sungura ili achunguze damu inavyopita ndani ya mfupa, na alipotaka kuvitoa vikagoma, mfupa umevishika. Mwaka 1965, Gothenburg, mgonjwa wake wa kwanza Gösta Larsson alipandwa vinne kwenye taya la chini. Larsson alifariki mwaka 2006, vipandikizi vikiwa bado vinatafuna. Ukaidi uleule wa titani uliompa Larsson miaka 40 ndio unaofanya fremu iliyopinda ibaki inatesa.

Ni kosa kiasi gani linavumilika? Brånemark alitaka lisizidi mikromita 10. Torsten Jemt, mwaka 1991, alipendekeza 150. Kati ya 10 na 150 kuna uwanja wa mpira mzima, na mafundi wengi wanacheza humo. Kinachoshangaza ni kwamba mfupa wenyewe huvumilia kosa hili kuliko tulivyoogopa. Wanaolia zaidi ni skrubu na kauri.

Kipimo cha kulijua ni rahisi: kaza skrubu moja tu, ya mwisho upande mmoja, kisha tazama upande wa pili. Fremu ikiinuka, hata kidogo, imekosea. Hapo inakatwa na kuunganishwa upya, au inachongwa nyingine. Zile zinazochongwa na mashine kutoka bonge moja la titani hukosea kidogo kuliko za kumimina chuma kilichoyeyuka, kwa kuwa chuma kikipoa husinyaa na hakiulizi ruhusa. Lakini mashine inachonga ilichopewa. Kama kipimo kilichukuliwa mteja akicheka, itachonga kicheko.

2. Nguvu imetoka upande gani?

Kipandikizi kinapenda kusukumwa wima. Kinachokiua ni ubavu. Nyutoni 50 za pembeni zikigusa jino lililo milimita 10 juu ya mfupa zinapinda kwa kipimo fulani. Jino likiwa milimita 20 juu, kwa nguvu ileile, zinapinda maradufu. Na ni nani mwenye meno marefu hivyo? Yule aliyekaa kibogoyo miaka mingi, mfupa umeshuka, daktari anayarefusha meno ili uso usikunjike. Yaani mwenye mfupa mdogo kabisa ndiye anayepewa wenzo mrefu kabisa. Haki haipo humu kinywani.

Tiba zipo. Vilele vya magego vipunguzwe ukali, kwa kuwa kilele chenye mteremko mkali kinaligeuza tonge kuwa msukumo wa ubavu. Meno yapangwe juu ya vipandikizi badala ya kusogezwa nje kwa ajili ya tabasamu pana la pasipoti. Kifungo kiwe kifupi.

Hapa hufika yule msomaji aliyesoma kidogo na kuuliza: "Mbona yule wa Lisbon anavilaza vipandikizi vya nyuma kwa makusudi, mpaka nyuzi 45?" Swali zuri, keti. Kipandikizi kimoja kilicholala, kikiachwa peke yake, kweli kinautesa ukingo wa mfupa zaidi. Lakini hiki hakiko peke yake, kimefungwa na wenzake kwa fremu ngumu. Na kwa kulala, kichwa chake kinatokea nyuma zaidi bila kugusa neva ya taya la chini wala uwazi ulio juu ya magego ya juu. Meno ya nyuma yanapata mguu. Anauza mkazo kidogo wa kulala ili anunue punguzo kubwa la kuning'inia. Biashara hiyo inalipa.

Na wewe unayesaga meno usingizini, tumekusikia, hata jirani amekusikia. Hakuna fremu iliyobuniwa ikakuzoea. Omba kinga ya kuvaa usiku.

1. Kipande kinachoning'inia nyuma

Mshindi, bila mpinzani. Kwenye meno ya kufunga, vipandikizi mara nyingi viko mbele, kwa kuwa nyuma mfupa haupo au neva iko njiani. Mteja anataka magego. Basi fremu inaendelea nyuma, haina mguu chini, inaning'inia. Na tonge linatafunwa wapi? Hukohuko.

Hesabu yake haihitaji kompyuta. Weka vipandikizi viwili vilivyopishana milimita 10, fremu iendelee nyuma milimita 10, kisha sukuma mwishoni kwa nyutoni 100, ambazo ni kama uzito wa kilo 10. Kipandikizi cha nyuma kinagandamizwa kwa nyutoni 200. Ndiyo, mara mbili ya ulichosukuma. Cha mbele kinavutwa kwenda juu kwa 100. Ni sawa na kumbeba mtu mnene mwishoni mwa kerea ya baiskeli: gurudumu la nyuma linalia na la mbele linataka kuruka. Refusha kuning'inia kufikia milimita 20 na ya nyuma inakuwa 300, ya mbele 200 za kung'oa. Vinywani kuna vipandikizi vinne au vitano na wanagawana, lakini sura ya mambo haibadiliki: cha mwisho nyuma kinakandamizwa, cha jirani yake kinavutwa, na skrubu za hapo ndizo zinazolegea.

Kuna kanuni ya mkono inayotajwa kwa jina la English, daktari wa Marekani: pima kutoka mstari wa vipandikizi vya mbele hadi mstari wa vile vya nyuma kabisa, zidisha kwa 1.5, usininginize kupita hapo. Mpishano wa milimita 10 unakupa 15, na huo ni ukomo wa taya la chini lenye mfupa mzuri kwa mtu asiyesaga meno. Taya la juu, lenye mfupa laini, lipewe kidogo zaidi ya hapo, namaanisha kidogo kwa maana ya pungufu, usije ukanisoma vibaya. Umbo la taya nalo lina neno: taya lililochongoka mbele linatoa mpishano mkubwa, la mraba linavipanga vipandikizi karibu mstari mmoja, na kwenye mstari mmoja 1.5 mara karibu sifuri ni karibu sifuri.

Suluhisho la bei rahisi kuliko yote ni kuacha gego la mwisho. Arnd Käyser wa Nijmegen, Uholanzi, alionyesha mwaka 1981 kwamba watu wenye safu fupi ya meno inayoishia kwenye magego madogo wanatafuna vya kutosha. Mwambie hivyo mteja aliyelipa. Atakuuliza kwa nini jirani yake ana magego 4 na yeye hana hata moja, kana kwamba ni magari. Binafsi ningechukua safu fupi isiyolegea, na kuutafuna muwa ningewaachia wajukuu.

Ukoo wa kuvua usicheke, nao una wake. Meno ya kuvua yanakalia vipandikizi viwili mbele na ufizi nyuma. Siku ya kukabidhiwa kila kitu kimegusana. Lakini mfupa wa nyuma chini ya ufizi unaendelea kuisha taratibu, mwaka hadi mwaka, wakati mbele vipandikizi vimeusimamisha. Bamba linabaki hewani nyuma bila mtu kujua. Sasa ukitafuna linashuka, vipandikizi vinageuka mhimili, na yale meno yako ya kuvua yamekuwa ya kuning'inia bila kutangaza.

Upimaji wake unafanyika nyumbani mbele ya kioo. Vaa meno, weka kidole juu ya gego la bandia la nyuma, bonyeza kwa nguvu. Meno ya mbele yakiinuka, usinunue gundi na usidai kifungo cheupe. Rudi kwa daktari aongeze tabaka la akriliki upande wa chini ligusane tena na ufizi. Na hakikisha amekutoza hela ya akriliki, si ya vipandikizi vipya.